Farasi ni Mkaidi, au Ameumbwa Hivyo? Dalili na Vyanzo Vyake

Mwezi wa saba, baridi ikiwa bado imelala kwenye majani, mtu mmoja anayeishi upande wa Kasapa alinipigia simu kabla sijanywa hata chai. "Papa, kuya uone huyu farasi. Iko na kichwa nguvu, jana aliniangusha mara mbili."

Farasi mwenyewe nilimjua. Dume aliyehasiwa, mwekundu wa kahawia, miaka minne, ametolewa kwenye mbio huko kusini, akasafirishwa kwa lori hadi Kasumbalesa mpakani, akauzwa hapa Lubumbashi kwa jina la "farasi wa kuruka". Nilimwambia mnunuzi asitoe hela. Alitoa.

Nilimkuta amefungwa chini ya mwembe, mpole kama mbuzi wa nyumbani. Sikumpanda. Niliomba asimamishwe kwenye sakafu ya saruji mbele ya gereji, nikarudi nyuma hatua saba, nikamtazama ubavuni bila kusema neno. Kisha nikauliza kama kuna fundi muashi jirani mwenye mpira wa maji. Mwenye farasi akacheka: "Unataka kumjengea ukuta?"

Mpira huo nitaurudia. Nimeshika farasi zaidi ya miaka ishirini, kwanza kama palefrenie, mtumishi wa zizini wa kubeba mavi, sasa kama fundi wa kwato, na wakaidi wa kweli niliokutana nao hawajazi vidole vya mkono mmoja. Waliobaki walikuwa wanatangaza jambo la mwili, na watu wakawajibu kwa mjeledi. Dalili zilizo hapa chini nimezipanga jinsi watu wanavyonieleza kwenye simu, maana hakuna anayepiga kusema "bega la farasi wangu limesimama mno". Wanasema anajikwaa, anagoma, anavuta mikono.

Anza na vinavyobadilika

Mfupa ushtakiwe mwisho, kwa sababu ndio peke yake usioweza kuubadilisha. Homa, meno, tandiko na kwato hubadilika, na vyote vinne vinajua kuigiza kasoro ya mfupa.

Joto la farasi mzima liko kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Kwetu Katanga, farasi aliyelegea ghafla wakati wa mvua hana swali la umbo. Kupe humletea ugonjwa wa damu, na vile visubi vidogo kuliko mbu, vinavyouma kuanzia machweo hadi alfajiri, ndivyo vinavyoeneza tauni ya farasi ya Afrika, inayoweza kuua kwa siku chache. Kipimajoto kikipita 38.5, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mji wetu una kitivo cha tiba ya mifugo pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Hatuna kisingizio cha kubahatisha. Meno yakaguliwe mara moja kwa mwaka. Tandiko lijaribiwe mgongoni bila kitambaa chini yake, upitishe kiganja na usikie panapobana. Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8, hata kama farasi "hafanyi kazi".

Maneno mengi ya zizini huku tumeyapokea kwa Kifaransa, basi tuelewane. Garo ni kinundu cha juu ya mabega, shingo inapoishia na mgongo kuanza. Paturoni ni kile kipande kifupi kinachoinama kati ya kifundo na ukwato. Jare ni kiungo kikubwa cha mguu wa nyuma, kinachochongoka kuelekea mkia. Na jare ni kisigino, jamani, siyo goti! Lile tunaloliita goti la mbele ni kifundo cha mkono wetu, pale tunapovaa saa. Goti la kweli liko mguu wa nyuma, limejificha juu, karibu na tumbo. Farasi anatembea kwenye ncha ya kidole kimoja kila mguu, ndiyo maana ncha hiyo ikizidi kidogo mnyama mzima anakwenda puani.

"Anajikwaa, hasa kiangazi"

Simu hizi huanza mwezi wa sita na haziishi mpaka mvua zirudi, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukikauka unakuwa kama kigae.

Msimamishe farasi kwenye saruji. Majani huficha kwato, na wauzaji wanalijua hilo. Chuchumaa ubavuni kwa umbali wa hatua tatu, shika fimbo ya ufagio mbele ya jicho, uilaze sambamba na mwinamo wa paturoni. Mstari huo unapaswa kuendelea moja kwa moja hadi chini, sambamba na uso wa ukwato. Kwa farasi waliostaafu mbio mara nyingi unavunjika: paturoni inashuka kwa mwinamo mmoja, ukwato unalala zaidi, ncha imekwenda mbele, visigino vya ukwato, yaani sehemu yake ya nyuma, vimepondeka chini. Vaa kandambili za kaka yako mkubwa, upande ngazi, utajua anachokisikia. Ncha inachelewa kuondoka ardhini wakati mwili umeshapita.

Dawa yake ni fundi anayeirudisha ncha nyuma na kuvilinda visigino, tena na tena. Ukuta wa ukwato hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ukwato mpya kabisa wa mbele utauona baada ya karibu mwaka. Fundi anayeahidi kurekebisha kwa siku moja atakata mpaka damu itoke.

Kama mstari umenyooka na bado anajikwaa, chukua simu, iweke karibu na ardhi, mpige picha za video za mwendo wa polepole akipita kwa hatua, kisha kwa troti, yaani mbio za polepole, kwenye ardhi ngumu. Ukwato wenye afya hutua kwa kisigino au bapa. Ukiona ncha ndiyo inayogusa kwanza, farasi anakikwepa kisigino kwa sababu kinauma. Hapo kazi imetoka mkononi mwangu, imekwenda kwa daktari.

Halafu kuna magoti. Mtazame ubavuni, shusha uzi wenye jiwe kutoka katikati ya sehemu ya juu ya mguu wa mbele. Uzi upite katikati ya goti na kufika kwenye kifundo. Goti likikaa mbele ya uzi, farasi anaonekana kama mzee anayetafuta kiti, na wanunuzi wanamkimbia. Likikaa nyuma ya uzi, mguu unaonekana umenyooka vizuri, hata kwa fahari, na wanunuzi wanalipa. Mimi naona ni kinyume. Goti la mbele ya uzi ni baya kwa macho, lakini farasi wengi wanazeeka nalo bila shida, isipokuwa kama limekuja baadaye kwa uchovu wa kano. La nyuma ya uzi, kila farasi anapotua kwa kasi, vifupa vya mbele ya goti vinagongana na kano za nyuma zinavutwa kupita kiasi. Farasi wa namna hiyo mpe matembezi ya asubuhi, atakuzikia. Usimpeleke kwenye mbio, kuruka au polo.

Paturoni yenyewe: iliyolala sana na ndefu inakubembeleza mgongoni kama kiti cha sebuleni, lakini kano ndizo zinazolipa. Fupi iliyosimama inapeleka kila mshindo juu, kwenye viungo vya farasi na kiuno chako. Nyuzi 45 hadi 50 kutoka ardhini kwa mguu wa mbele ndipo watu wengi wa kazi hii wanapokubaliana, na bega zuri la kupanda huinama karibu hivyohivyo.

Ila anayejikwaa kwa miguu ya nyuma, anaburuta ncha, au anayumba kama mlevi ukimgeuza kwenye duara dogo, usimpande kabisa. Huyo ana shida ya neva mpaka daktari aseme vingine.

"Tandiko linakwenda mbele, mikono inaniuma"

Hapa ndipo mpira wa maji ulipoingia. Jirani muashi alikuja nao mwenyewe, kwa udadisi, akaujaza maji, akashika ncha moja juu ya garo la yule mwekundu wa Kasapa, mimi nikashika nyingine juu ya kilele cha nyonga. Maji hayana ubishi, hukaa usawa mmoja ncha zote mbili. Nyonga ilikuwa juu ya garo kwa sentimita 4. Muashi akapiga mluzi: "Nyumba hii imeangukia mbele."

Ndivyo hasa. Farasi hana mtulinga. Kifua chake kimening'inia katikati ya miguu ya mbele kwa misuli, kama mzigo ndani ya shuka iliyoshikwa na watu wawili, na hata akisimama tu miguu ya mbele inabeba karibu asilimia 60 ya uzito wake. Nyuma ikiwa juu, mzigo unazidi kumwagika mbele, na tandiko, na wewe uliye juu yake. Farasi anategemea mikono yako kama mguu wa tano. Anajikwaa. Unamvuta, naye anakuvuta.

Lakini garo hudanganya. Limejengwa na vidole vya mfupa wa mgongo, na vidole hivyo vikiwa virefu farasi ataonekana ameinuka mbele wakati kiwiliwili kimeinama. Linganisha pia kiwiko cha mbele na goti la kweli la nyuma. Kiwiko kikiwa chini zaidi kwa wazi, mteremko ni wa kweli, garo liwe refu namna gani. Yule wa Kasapa alianguka mitihani yote miwili.

Swali la pili ni umri. Farasi hukua kwa zamu, nyuma ikitangulia, mbele ikifuata, na haimalizi mpaka miaka 5 au 6. Mwenye miaka minne bado ana tumaini dogo. Nilimwambia mwenye farasi aandike kipimo ukutani kwa makala, yaani mkaa, pamoja na tarehe, apime tena kila miezi mitatu. "Na kuruka?" Nikamwambia asubiri.

Usijaribu kutatua hili kwa kukaza mkanda wa tumboni. Mkanda hutafuta sehemu nyembamba ya kifua; sehemu hiyo ikiwa karibu na kiwiko, utakwenda huko tu na kuliburuta tandiko. Ipo mikanda iliyokatwa kwa umbo la mwezi mwandamo kwa farasi wa namna hii, na ule mkanda wa kupita chini ya mkia, ambao wenye punda wameutumia tangu zamani, si aibu kwa farasi.

Je, farasi wa mteremko ni hasara? Inategemea unamtakia nini. Dresaji, ule mchezo wa mwendo wa madaha, inadai ahamishe uzito nyuma, akae kwenye nyonga, mbele iwe nyepesi. Kwake hiyo ni kupanda mlima kila siku, na siku moja mgongo utakataa. Mbio fupi ni habari nyingine. Farasi wa Marekani wanaoitwa Quarter Horse, waliopewa jina kwa mbio za robo maili, yaani mita 400 hivi, wengi wameumbwa na nyonga nzito iliyo sawa na garo au juu kidogo, na kwa umbali huo wanawaacha wengine vumbini.

"Anainua kichwa kama twiga"

Meno na lijamu kwanza, tandiko pili. Nikisema tandiko namaanisha kweli: farasi anayebanwa nyuma ya bega hana njia nyingine ila kuinua kichwa na kuuzamisha mgongo aukimbie.

Kisha tazama shingo ikiwa imetulia, bila hatamu. Shingo nzuri ina upinde mrefu juu na mfupi chini. Ikiwa imegeuka, tumbo la shingo limetokeza mbele na juu pamebonyea, kuna sababu mbili na lazima uzitenganishe. Inaweza kuwa msuli uliojengwa na upandaji mbaya, au ni mahali shingo ilipofungwa kifuani. Mpe kipande cha muwa chini, karibu na kwato za mbele, kisha kati ya miguu, kisha ubavuni. Akishuka kwa ulaini na juu ya shingo pakajaa kama upinde, shida ilikuwa msuli. Miezi sita ya kumwendesha akiwa amejinyoosha chini itaonyesha shingo nyingine. Akishuka kwa kutanua miguu ya mbele kama anayekunywa maji mtoni, huenda ni mfupa. Rudia kwa siku kadhaa kabla ya kuamua, maana wengine ni walafi tu, hawana subira.

Weka pia ngumi kati ya mifupa ya taya, chini ya koo. Ngumi ya mtu mzima inapaswa kuenea au karibu. Pakibana, au koo likiwa nene kama gogo, ukimkunja shingo kwa dresaji taya inagonga shingo na hewa inakuwa shida. Halafu watu wanaita hicho kiburi.

Mwenye shingo iliyofungwa vibaya bado ana kazi ya kufanya. Kwa matembezi, kwa kuchunga ng'ombe, kwa mwendo mrefu wa hatamu zilizolegea, hataomba radhi kwa mtu.

"Nasikia chuma kinagonga chuma"

Klak, klak, kwenye troti. Kiatu cha nyuma kinakutana na cha mbele kabla hakijaondoka. Farasi mwenye mgongo mfupi na miguu mirefu hana nafasi ya kutosha katikati, na kwato za mbele zenye ncha ndefu zinachelewa kuondoka. Fundi afupishe ncha za mbele. Mpandaji amwamshe, kwa sababu farasi mvivu au aliyechoka hugonga zaidi. Mvalishe kloshi, kinga inayozunguka ukwato, asijikate kisigino. Farasi wa miaka mitatu, minne, huacha mwenyewe akipata nguvu. Mgongo mrefu hautoi mlio huu na ni mtamu kukaliwa, ila hubeba vibaya. Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi, na kwa mgongo mrefu mimi nashuka chini ya hapo.

"Ana majeraha upande wa ndani wa miguu"

Msimamie mbele uso kwa uso. Vidole vikitazama nje, kama vya mtu anayetembea kwa majivuno kwenye soko la mtaa wa Kenya hapa mjini, ukwato ukiinuliwa unachora upinde kwenda ndani na kugonga mguu wa pili. Vikitazama ndani, unachora upinde kwenda nje. Haupendezi machoni lakini haujigongi sana.

Kama hujui anajigonga wapi na kwa mguu gani, usibishane na mtu. Saga chaki, ichanganye na maji kidogo, paka upande wa ndani wa ukwato mmoja tu, mwendeshe troti mita mia kwenda na kurudi. Alama nyeupe itakaa kwenye mguu wa pili palepale panapogongwa. Rudia kwa ukwato mwingine. Nimeona watu wakibadilisha viatu vyote vinne kwa tatizo ambalo chaki ya darasani ingeonyesha ni la mguu mmoja.

Kuvinyoosha vidole hivyo kwa patasi kwa farasi mtu mzima ni kosa linalorudiwa kila mwaka. Viungo vimeshazoea kupindika huko. Ukiuweka sawa ukwato, unapindisha goti. Mfanye atue bapa, mvalishe kinga, epuka kona kali. Polo imetoka kwenye orodha. Goti ambalo halikai katikati ya mfupa wa chini, limesogea ndani kama kifuniko kilichowekwa upande, nalo hubebesha mzigo upande wa ndani, na utaona uvimbe mgumu ukiota chini ya goti. Ukishapoa mara nyingi hausumbui, ukiwa na moto bado farasi apumzike.

"Anafika mbele ya kizuizi anasimama"

Nauliza mambo manne kabla ya mifupa: anaona vizuri macho yote mawili? Ana maumivu baada ya kutua? Ardhi ni ngumu kiasi gani? Na, kwa heshima zote, nani alikuwa mgongoni? Kwa uzoefu wangu swali la nne linamaliza nusu ya kesi.

Ikibaki nusu, tazama mfupa unaotoka ncha ya bega kurudi kwenye kiwiko. Watu wote huangalia mwinamo wa bega na kuusahau huu, wakati huu ndio unaoamua magoti yatafika wapi. Ukiwa mrefu na umesimama kiasi, kiwiko kinatoka mbele na magoti yanapanda mpaka karibu na kidevu. Ukiwa mfupi na umelala bapa, magoti yananing'inia, farasi anaangusha vijiti, vijiti vinamuuma, basi anajifunza kusimama. Huyo hakufundishwa ukaidi, alifanya hesabu.

Nyuma, pima kwa macho kutoka ncha ya nyonga hadi ncha ya mwisho chini ya mkia. Iwe karibu theluthi moja ya urefu wa kiwiliwili. Hiyo ndiyo mashine ya kurukia. Jare lililokunjika mno, mguu ukaingia chini ya tumbo kama mundu, hulemea ukano wa nyuma ya jare, ingawa wapandaji wa mtindo wa Kimarekani wanaotaka farasi ateleze na kusimama ghafla hawalichukii sana.

Pima unene wa mfupa kwa kuuzungushia futi ya fundi cherehani, chini kidogo ya goti la mbele. Farasi wa kilo 500 awe na sentimita 20 hivi. Mwenye 17 akiwa na kiwiliwili kizito ni kabati juu ya miguu ya stuli.

Baada ya kusema yote hayo, lazima niwataje wale wawili wanaoniharibia mahubiri. Huaso alikuwa farasi wa damu ya mbio aliyeshindwa mbio, na mwaka 1949 huko Viña del Mar, Chile, akiwa na Alberto Larraguibel mgongoni, aliruka mita 2.47, rekodi ambayo haijavunjwa. Na Stroller, kifarasi kisichofika sentimita 150 kwenye garo, kilichukua medali ya fedha Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 kikiwa na Marion Coakes, kati ya majitu ya Ulaya. Umbo linakuambia kazi itamgharimu farasi kiasi gani. Moyo wake wa kulipa huupimi kwa futi. Lakini mtu anayenunua kwa hela za minerval, karo ya shule ya watoto, asitegemee kumpata Huaso kwenye lori la Kasumbalesa.

"Mguu wa nyuma unakwama, halafu unaachia ghafla"

Tazama ubavuni: mguu wa nyuma umenyooka kama nguzo, jare halina kona. Farasi ana kifaa kwenye goti la kweli cha kuufungia mguu ili alale akiwa amesimama, na kwa miguu iliyonyooka kifaa hicho kinajifunga bila ruhusa. Kumfungia zizini kunamzidishia, maana msuli wa paja unalegea. Mtembeze kila siku, apande na kushuka. Mji wetu ni tambarare, lakini ukingo wa bwawa la samaki unatosha, na nje ya mji tuna vichuguu vikubwa kuliko nyumba. Mzungushe kwa hatua pole. Mkwamo ukiendelea licha ya miezi ya kazi, daktari ana njia zake. Asifanye dresaji ya juu wala kuruka kwingi.

"Kilomita kumi tu, amekwisha"

Mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi likiwa kileleni kabla ya mvua, mpime akirudi. Tia vidole chini ya taya, kwenye mshipa, hesabu sekunde 15, zidisha mara nne. Farasi aliyetulia ana mapigo 28 hadi 44 kwa dakika. Kwenye mashindano ya mwendo mrefu, yale ya kufika kilomita 160, kizingiti kinachotumiwa sana ni 64 baada ya mapumziko mafupi. Wako akikaa juu ya hapo kwa nusu saa baada ya mwendo wa kawaida, na hana homa, mtazame kutoka mbele. Kifua kipana, misuli ya mviringo kama gunia la unga wa bukari, ngozi nene: huyo anatengeneza joto jingi na ana ngozi ndogo ya kulitolea. Si mgonjwa. Ni mnyama wa nguvu za ghafla uliyempa kazi ya mnyama wa subira. Farasi wa Kiarabu, mwembamba, pua pana, kifua chembamba lakini chenye kina, ambaye watu humuona amekonda, angerudi anakula.

Na yule mwekundu wa Kasapa? Tulirudisha ncha za kwato nyuma, tukabadilisha mkanda, tukaondoa vizuizi uani. Ukutani pale zizini makala yanaonyesha 4, kisha 3.5, kisha 3, kisha 2.5, na alipotimiza umri wa miaka sita, 2.5 tena. Hapo ndipo alipogota. Anatembea asubuhi na binti wa mwenyewe njia za vumbi za Kasapa, watoto wakimkimbilia wakipiga kelele "punda! punda!", na Jumapili anashindana mbio fupi za kuzunguka mapipa. Baba mtu ameniuliza tena, juzi, kama sasa anaweza kuruka.